Sanduku la Michezo la Dharura kwa Watoto: Siku 62 Nikilitumia Hemani

Siku ya tatu tangu tulifungue, kifuniko cha sanduku kilinichomoka mkononi kikajipigiza. Alumini juu ya alumini. Hemani walikuwamo watoto 34. Nilipogeuka walikuwa wamebaki watano, nao wamejikunyata chini ya meza mbili tulizokuwa nazo, mikono kichwani. Wengine wote walikuwa nje, mguu niponye, mmoja na krayoni yake mkononi, mwingine na kiatu kimoja. Tulihangaika karibu saa nzima kuwakusanya, na msichana mmoja wa miaka minne hatukumwona mpaka tuliposikia kwikwi zake nyuma ya tangi la maji.

Naanza na kifuniko kwa sababu hakuna anayekitaja. Orodha ya vitu vilivyomo ndani utaipata kwa kila anayesambaza masanduku haya, imepangwa vizuri, kila kitu na idadi yake. Kelele haimo kwenye orodha. Na kwa mtoto aliyetoka kwenye tetemeko la ardhi, kelele ya ghafla ndiyo inayoamua kama kesho atarudi hemani au hatarudi.

Mimi ni mwalimu wa chekechea, mwaka wa kumi na moja sasa. Nilijitolea kambini baada ya tetemeko, na sanduku hili nimelitumia kila siku, isipokuwa siku mbili nilipougua. Naandika kwa ajili ya wanaochangisha, wanaonunua, na zaidi kwa mwenzangu atakayekabidhiwa sanduku kama hili akaambiwa, “Haya, watoto hao.” Shirika lililotuletea silitaji. Ninachokagua ni sanduku.

Masanduku ya namna hii yana ukoo wake. UNICEF ndiyo iliyoyafanya yajulikane: lipo la shule, lenye vifaa vya mwalimu na wanafunzi 40, ambalo kifuniko chake hupakwa rangi maalumu kikageuka ubao wa kuandikia, lipo la michezo, la mipira na kamba, na lipo la watoto wadogo, lililokusudiwa watoto wapatao 50, lenye picha za kuunganisha, domino, vipande vya kujengea na wanasesere wa kuvaa mkononi. Letu lilitoka kwingine, nalo lilikuwa mchanganyiko wa hayo matatu. Tulikuta vipande vya mbao 50, wanasesere wa mkononi sita, picha za kuunganisha nane, seti mbili za domino, krayoni, udongo wa kuchezea, mipira mitatu, kamba nne za kuruka, vizibao vya timu vya rangi mbili, filimbi mbili, mikasi 12 isiyo na ncha kali, karatasi, daftari la mahudhurio na kijitabu cha mwongozo.

Mkinitaka nitoe nyota, natoa nne kati ya tano. Ya tano ningeitoa kama sanduku lingekuja na mtu. Nitalieleza hilo huko mbele, maana ndilo jambo lenyewe lililonifanya nikae niandike.

Kwanza nimalize habari ya kifuniko. Jioni ileile tulichana sifongo kutoka kwenye godoro lililokuwa limeharibika, tukaibandika kuzunguka mdomo wa sanduku kwa gundi na vipande vya turubai. Tangu hapo likawa linafungika kimyakimya kama mto unaotupwa kitandani. Kazi ya nusu saa, kwa takataka za kambini. Mtengenezaji angeweza kuifanya kiwandani kwa ukanda wa mpira, na nawaomba wote wanaotengeneza masanduku ya chuma kwa ajili ya watoto waufikirie ukanda huo kabla hawajafikiria rangi ya nje.

Filimbi nazo tulizitoa, zote mbili. Kwenye uwanja wa mpira filimbi ni mchezo. Kwenye vifusi waokoaji huipuliza kuamuru kimya, mashine zizimwe, watu wasite, ili wasikilize kama kuna anayegonga au kuita kutoka chini. Hili sikulijua. Nililijua nilipoipuliza kuwaita watoto wapange mstari, nikamwona mvulana wa miaka tisa akisimama wima katikati ya mbio, amebana pumzi, amekiinamisha kichwa anasikiliza ardhi. Alikaa hivyo kwa muda ambao sitausahau. Baadaye shangazi yake akanieleza ni kwa muda wa saa ngapi mtoto huyo alisimama kando ya kifusi cha nyumba yao. Tukaanza kutumia makofi: matatu yangu, matatu ya watoto. Ikatosha.

Sasa vipande vya mbao. Kama ningeambiwa nibakishe kitu kimoja tu, ningebakisha hivi. Vimepigwa msasa vikalainika, pembe zimeviringwa, na rangi yake ilistahimili kuoshwa kila jioni kwa maji yenye klorini kwa miezi miwili bila kubanduka. Kasoro yake ni idadi. Vipande 50 kwa watoto 34 ni kuwatafutia ugomvi. Wanaojenga wanataka kila mmoja kumi na tano au ishirini. Tulilazimika kugawa zamu, na mtoto aliyepoteza kila kitu kumwambia zamu yako imekwisha, bomoa, mwachie mwenzako, ni kumwongezea jambo asilolihitaji. Wekeni 150. Punguzeni picha za kuunganisha kama uzito ndio tatizo.

Kulikuwa na mvulana wa miaka mitano ambaye kila asubuhi alijenga nyumba ileile kwenye mkeka. Kuta nne, paa la vipande bapa, na ndani vipande vitatu vifupi vimelazwa. Akishamaliza anasogea nyuma, anaukamata mkeka kwa mikono miwili na kuutikisa. Hasukumi nyumba. Anatikisa mkeka. Nyumba ikianguka anaitazama, kisha anaanza upya. Mara sita, mara saba kwa asubuhi moja.

Mwenzangu mmoja, mtu mwenye moyo mzuri kabisa, alitaka tumnyang'anye, tumpe mpira asahau. Tulibishana mbele ya sanduku kwa sauti ya chini. Hapa nakisifu kijitabu cha mwongozo, maana ukurasa wa mchezo wa kurudiarudia ulitupa jibu: usiukatize, kaa karibu, tazama. Mtoto mdogo hana maneno ya kuelezea alichokiona, anacho kiwiliwili chake na vitu vya mkononi. Ardhi ilimtikisa bila kumuuliza. Sasa yeye ndiye anayeamua itatikisika saa ngapi. Wasiwasi uje pale siku zinapopita, mchezo haubadiliki hata chembe, na mtoto anaumaliza akiwa amefadhaika zaidi kuliko alipouanza. Hapo mtu mzima aingie taratibu, kwa swali moja dogo. Na mtoto ambaye wiki zinapita halali, hali, hasemi, huyo apelekwe kwa mtaalamu. Hema la michezo halimtoshi.

Siku ya kumi na moja nilimuuliza, “Nani anakuja kuwatoa?” Akafikiri. “Hakuna.” Sikuongeza neno. Ulimi ulikuwa unaniwasha kumtajia waokoaji, madaktari, majirani, lakini nilinyamaza. Siku mbili baadaye alikwenda mwenyewe kwenye sanduku, akatoa kizibao cha rangi ya chungwa, akamvika msichana aliyekuwa karibu yake na kumwambia achimbe. Msichana akachimba. Wakatoa kipande kimoja, wakakilaza kando kwenye karatasi. Nyumba haikuacha kuanguka. Ilianguka mpaka siku ya mwisho niliyokuwapo. Ila tangu hapo alicheza na mtu.

Vizibao vile viliwekwa kwa ajili ya kugawa timu. Hakuna mtengenezaji aliyekusudia matumizi hayo, na ndiyo maana naona vitu visivyo na kazi moja tu, kama mbao, vitambaa, kamba na karatasi, vinafaa zaidi kuliko vifaa vya kuchezea vilivyokwisha kuamua mtoto acheze nini.

Wanasesere wa mkononi sikuwatarajia. Nilipowaona mara ya kwanza, bibi, babu, daktari, mtoto, simba na chura, nilidhani watalala sandukuni. Chura akawa mtu muhimu kuliko mimi. Watoto hawakuniuliza mimi maswali yao, walimuuliza chura. Msichana mmoja alimshika chura uso kwa uso akamnong'oneza, “Ilitikisika kwa sababu nilimdanganya mama?”

Ndugu zangu, swali hilo lipo katika vichwa vya watoto wengi kuliko tunavyodhani. Walio chini ya miaka saba hivi huona ulimwengu unawazunguka wao. Jambo kubwa likitokea, wanatafuta kosa walilofanya wao. Wasipoulizwa na wasipoambiwa, wanalibeba kimya. Chura alijibu kwamba hapana, ardhi haisikii uongo wa mtu. Ardhi imekaa juu ya mabamba makubwa ya mwamba yanayosukumana polepole sana, na yakikwama kisha yakaachia ghafla, juu kunatikisika. Aliongeza kwamba mitetemeko midogo inaweza kurudi, kwamba kwa kawaida inaendelea kupungua kadiri siku zinavyokwenda, na kwamba ikija hema halina matofali ya kumwangukia. Ya mwisho ndiyo aliyoitaka. Alitazama juu kwenye turubai, akalihakikisha.

Chura hakuahidi kwamba haitatokea tena. Msiahidi hilo. Kesho yake tu ardhi ilitikisika kidogo, na kama ningekuwa nimeahidi, asingeniamini kwa lolote tena. Vilevile msimwambie mtoto kwamba aliyefariki amelala au amesafiri. Nimewaona watoto wawili waliogoma kulala usiku kwa sababu waliambiwa hivyo kwa nia njema. Neno ni “amekufa”, linasemwa na mtu anayempenda, kwa sauti ya kawaida, na linarudiwa kila anapouliza, maana atauliza tena na tena.

Kwa upande wa ubora: mishono imara, wanafulika, wanakauka kwa siku moja. Nyuso zao zina tabasamu kubwa mno, wote sita. Ningependa wawili wawe na midomo iliyonyooka tu. Watoto walikuwa wakimgeuza bibi kisogo kila walipotaka awe na huzuni.

Vingine nitavipitia haraka. Udongo wa kuchezea ulikauka ndani ya wiki moja kwa kuwa makopo hayafungiki sawasawa. Krayoni nzuri, nyeusi na nyekundu ziliisha kwanza, ongezeni hizo. Picha za kuunganisha zilipoteza vipande mapema, na picha isiyotimia humuudhi mtoto kuliko kutokuwa na picha. Mikasi 12, yote ipo hadi leo. Domino zilipendwa na akina babu wa kambini kuliko watoto, nasi tukawakaribisha waje kucheza mlangoni mwa hema, maana mtoto akiona mzee anacheka anajua dunia haijaisha.

Kamba za kuruka ni hazina. Mchezo wa kuruka una mdundo, una kuhesabu, una zamu, na mwili unachoka vizuri ili usiku ulale. Zimo nne, zingekuwa nane.

Waliosahaulika ni wakubwa. Wa miaka kumi na tatu, kumi na nne, waliokuja siku ya kwanza, wakachungulia sandukuni, wakaondoka. Hakuna kilichowahusu ila mipira, na mipira iliwatosha wavulana wachache tu. Naona si letu peke yetu. Shirika la misaada la World Vision na Chuo Kikuu cha Columbia walizitathmini sehemu rafiki kwa watoto, yaani mahali salama pa kuchezea kama hema letu, katika nchi kadhaa, Uganda, Ethiopia na Nepal zikiwamo, na kwa jumla manufaa yalionekana zaidi kwa wadogo kuliko kwa wanaobalehe. Sisi tuliwapata kwa njia moja: tuliwapa kazi. Wasichana watatu wakawa makarani wa sanduku, wanahesabu vitu asubuhi na jioni na kutia saini. Wavulana wawili wakawa wasimamizi wa kamba na maji ya kunywa. Walitaka kuhitajika. Hawakutaka kuchezeshwa. Sanduku lingeweza kuwawekea daftari lao, kalamu za wino, redio ya sola, na ukurasa mmoja wa kumwambia mwalimu awape madaraka.

Nakuja kwenye kitu ambacho wageni wote walikiruka walipokuwa wakipiga picha za sanduku: daftari la mahudhurio.

Jalada gumu, karatasi nzito, mistari mipana. Jina, umri, tarehe. Basi. Safu zilizokosekana tuliziongeza kwa rula siku ya pili: anaishi na nani sasa, aliishi na nani kabla, nani anaruhusiwa kumchukua, nani amemchukua leo na saa ngapi. Daftari hilo ndilo lililotuonyesha kwamba ndugu wawili waliokuwa wakija kila siku wakishikana mikono, watu wote wakidhani wana mama kwenye hema la pili, hawakuwa na mtu mzima yeyote. Walikuwa wakilala kwa yeyote aliyewapokea usiku ule. Tuliyapeleka majina yao kwa maofisa wanaoshughulikia kuunganisha familia siku hiyohiyo.

Nalisisitiza hili kwa sababu historia ya majanga imejaa watoto waliopotea mikononi mwa watu wenye nia njema. Baada ya vimbunga Katrina na Rita vya mwaka 2005, kituo cha kitaifa cha Marekani kinachotafuta watoto kilishughulikia taarifa za watoto zaidi ya 5,000 waliotengana na jamaa zao, na wa mwisho aliunganishwa na familia yake Machi 2006. Hiyo ni nchi yenye simu, kompyuta na barabara. Mwishoni mwa Januari 2010, wiki chache tu baada ya tetemeko la Haiti, Wamarekani kumi walikamatwa wakijaribu kuwavusha watoto 33 kwenda Jamhuri ya Dominika bila vibali. Walisema ni yatima. Baadaye ilijulikana kwamba wengi wao walikuwa na wazazi walio hai.

Kwetu alikuja mwanamume mmoja mchana wa jua kali, akasema yeye ni mjomba wa watoto wale wawili, anawachukua. Watoto walimkimbilia. Bado nilisema hapana, mpaka ofisa aje. Alinipandishia sauti, na nilimwelewa. Alikuwa ametembea siku mbili akiwatafuta. Alikaa chini nje ya hema kwa muda wa saa tatu, watoto wamemkalia mapajani, mimi na daftari langu mlangoni. Ofisa alikuja, akauliza, akalinganisha majina, akathibitisha. Alikuwa mjomba kweli. Akaondoka nao bila kuniaga, na wala simlaumu. Akija mwingine kesho, nitamwambia hapana vilevile.

Kwa hiyo wanaotengeneza masanduku: chapeni safu hizo saba kiwandani. Msimwachie mwalimu aliyechoka azigundue mwenyewe.

Kijitabu cha mwongozo nimekwisha kukisifu kwa mchezo, na nakisifu pia kwa kufuata njia fupi ya huduma ya kwanza ya kisaikolojia iliyoenezwa na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na wenzake wa mwaka 2011: angalia, sikiliza, unganisha. Angalia nani yuko hatarini na nani anahitaji nini sasa hivi. Sikiliza bila kuchokonoa. Unganisha na jamaa, na huduma, na taarifa za kweli. Kinasema wazi kwamba mtoto asilazimishwe kusimulia yaliyompata. Hilo lilitusaidia lilipokuja kundi la wageni wenye kamera, wakataka tuwape watoto karatasi wachore tetemeko, kisha kila mmoja asimame aeleze mchoro wake. Nilifungua ukurasa ule nikawaonyesha. Karatasi tuliwapa watoto, lakini wachore wapendacho. Mmoja alichora tetemeko. Waliobaki walichora magari, maua, mbwa, na wengi walichora hema letu. Wageni hawakupata picha waliyoitaka.

Kilichopungua kwenye kijitabu ni sisi. Kurasa 60, na kuhusu mlezi mwenyewe aya mbili. Hakuna anayekuambia kwamba wiki ya tatu utaanza kuota ndoto za watoto wa wenzako, kwamba utawakaripia kwa jambo dogo kisha ukalie chooni. Wengi wetu tuliokuwa tukiwachezesha watoto tulikuwa tumepoteza jamaa katika tetemeko lilelile.

Hapo ndipo inapokosekana ile nyota ya tano. Mwanzoni tulikuwa wajitoleaji saba. Wiki ya nne tukabaki watatu, maana wenzetu walikuwa na nyumba za kufukua na familia za kulisha, na hakuna aliyewalipa hata nauli. Wiki hiyo vifaa vilikuwa vilevile, hema lilelile, ratiba ileile ukutani, lakini watoto walianza kugombana, kung'ata, kukojoa nguo wale waliokuwa wameacha. Walikuwa wakiuliza kila asubuhi, fulani yuko wapi? Kwa mtoto ambaye watu wake walitoweka kwa sekunde chache, mtu mzima anayetoweka tena ni tetemeko lingine. Shirika lilipotafuta fedha za kuwalipa walezi wanne posho ya kudumu, na kuwaletea mafunzo ya siku tatu, hema lilitulia ndani ya siku kumi. Hakuna kilichoongezwa sandukuni.

Ninyi mnaochangisha, mkiwa na fedha za masanduku kumi, nunueni sita. Kwa zilizobaki walipeni watu wawili kwa kila sanduku, miezi mitatu, watu wa palepale wanaojua lugha ya watoto na nyimbo zao, watakaokuja saa ileile kila siku. Muulizeni muuzaji maswali haya: kifuniko kinapiga kelele kiasi gani? Vitu vilivyoisha vinajazwa na nani? Kijitabu kipo katika lugha ambayo mlezi anaisoma? Chetu kilikuja katika lugha mbili, na mwenzetu mmoja hakusoma hata moja kati ya hizo. Nilikuwa nikimsomea jioni.

Na tafadhali, msijaze nafasi zilizobaki kwa mnavyoviona majumbani. Ndani ya sanduku letu mtu alikuwa ameongeza makopo ya maziwa ya unga ya watoto wachanga. Moyo mwema, hatari kubwa. Maji ya kuchanganyia ni machafu, chupa hazichemshwi, na mama aliyekuwa akinyonyesha anaanza kudhani titi lake halitoshi. Baada ya tetemeko la Yogyakarta nchini Indonesia, Mei 2006, maziwa ya msaada yaligawiwa ovyo, na watafiti waliopima baadaye walikuta kuhara kwa watoto wadogo waliopewa maziwa hayo ni zaidi ya maradufu ya wale ambao hawakupewa. Makopo yetu tuliyakabidhi kwa wauguzi, ambao wanajua ni mtoto gani hasa asiye na mama wala wa kumnyonyesha.

Siku ya 62 shule ya muda ilifunguliwa, mahema makubwa yenye madawati, na watoto wengi wa umri wa kwenda shule wakahamia huko. Wadogo walibaki na walezi wanne, na sanduku letu likaandaliwa kwenda kambi nyingine iliyokuwa bado haina lolote, kwa kuwa kwetu lilikuwa limefika jingine. Makarani wangu watatu walilihesabu mara mbili. Wakaandika karatasi, wakaibandika ndani ya kifuniko kwa utepe, juu ya sifongo:

“Mikasi 12. Kamba 4. Wanasesere 6, chura afuliwe kwa mkono. Filimbi hazimo, pigeni makofi. Vipande vya mbao 49. Kimoja kimechukuliwa na mwenyewe, msikitafute.”